Nawezaje kujifunza kuisikia bleki metali ya mandhari na hisia?

MwalimuWaNjombe

Salaam, ndugu wanajukwaa.

Ninafundisha shule ya sekondari hapa Njombe, na tangu utotoni muziki wangu umekuwa wa kwaya na, nyumbani kwa baba, rumba ya zamani. Miezi miwili iliyopita rafiki niliyesoma naye chuoni alinipa flashi yenye albamu nne, akanisihi nizisikilize usiku, nikiwa peke yangu, pasipo kuruka wimbo hata mmoja. Albamu zenyewe ni Bergtatt ya kundi la Ulver la Norway (1995), Filosofem ya Burzum, naye ni wa Norway (1996), The Mantle ya Agalloch wa Marekani (2002), na Two Hunters ya Wolves in the Throne Room, ambao pia ni Wamarekani (2007). Alinieleza kwamba muziki huu unaitwa bleki metali, aina kali ya roki ya magitaa ya umeme, ila hizi ni za tawi linalojali mandhari na hisia kuliko ukali.

Sikuzisikiliza usiku kama alivyoagiza. Nilianza na The Mantle ndani ya basi, nikitoka Makambako jioni moja ya Julai, vioo vimejaa mvuke wa pumzi za abiria na nje miwati ikipita kama vivuli ndani ya ukungu. Albamu ile inafunguka kwa gitaa kavu linalokung'utwa bila haraka yoyote, na sikufika mbali kabla machozi hayajaanza kunitoka. Baba alifariki mwezi Machi. Msibani sikulia, kwa sababu mimi ndiye mtoto mkubwa na shughuli zote zilikuwa mikononi mwangu. Nililia siku ile ndani ya basi, uso nimeugeuzia dirishani, na mama aliyeketi pembeni yangu akanishika mkono bila kuniuliza neno.

Hata hivyo, nikisema kweli, muziki huu ninaupenda nusu. Waimbaji wanapoanza kukwaruza makoo yao moyo wangu unajifunga. Ngoma zinakwenda mbio kiasi kwamba sijui sikio nilitegeshe wapi. Filosofem nilidhani faili limeharibika, nikaomba nakala nyingine, nikajibiwa kwamba ndivyo ilivyorekodiwa. Kisha nimesoma habari za wanamuziki waliochoma makanisa huko Norway, na mimi ni Mkristo ninayeongoza sauti ya tatu kwaya ya usharika wetu. Naomba wenye uzoefu mnieleze mnachokisikiliza hasa. Orodha ya makundi sina haja nayo kwa sasa. Ninachotaka ni kujifunza kusikia.

BesiYaTanga

Mwalimu, pole sana kwa msiba wa mzee, na Mungu akutie nguvu. Nitajibu kwa urefu kwa sababu swali lako nimewahi kuwa nalo mimi mwenyewe, na hakukuwa na mtu wa kunijibu.

Nianze na kasi, kwa kuwa mengine yote yanategemea hapo. Umezoea muziki ambao ngoma ndiyo inayoushika mguu: pigo likija, mwili unaitika. Katika bleki metali ya aina hii ngoma haikuiti kucheza. Mpigaji anagonga ngoma ya mguu, ile ndogo ya mbele yake na sahani za shaba kwa mfululizo usio na mwanya, huku mpiga gitaa akicharaza uzi mmoja juu na chini kwa kasi ileile, mpaka mapigo hayahesabiki tena. Fikiria mvua kubwa juu ya paa la bati. Tone mojamoja linaanguka kwa kasi na kwa nguvu, lakini aliyelala chini ya paa hasikii matone. Anasikia mvua, na mvua yenyewe imetulia. Sasa tega sikio kwa kinachosogea ndani ya mvua hiyo. Utakuta kordi inakaa muda mrefu kabla ya kuhama, na sauti ya juu ya gitaa inapanda hatua moja, inashuka nusu hatua, inarudi ilikotoka. Huo ndio wimbo, na mwendo wake ni wa pole kama wimbo wa Ijumaa Kuu mnaouimba kanisani kwenu, isipokuwa umefunikwa. Mtu akishautambua mwendo huo wa pole, ile kasi ya juu inaacha kumsumbua, na baada ya muda anaanza kuihitaji, kwa sababu ndiyo inayoupa ule upole uzito.

Ndiyo maana nyimbo ni ndefu. Two Hunters ina nyimbo nne tu, na wa mwisho ni wa dakika kama 18. Sisi tuliolelewa na taarabu hatushangazwi na wimbo mrefu; tunajua kwamba dakika za mwanzo, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, ni za kumtayarisha msikilizaji. Na kwa waliokaa kwenye zikri, jambo la kurudia maneno machache mpaka fikra zitulie halihitaji maelezo. Sisemi kwamba mambo haya ni mamoja, maana zikri ni ibada na huu ni muziki. Nasema sikio lako tayari lina uvumilivu unaohitajika, umelikuza kanisani na nyumbani, na kosa ni kuliambia liharakishe kwa sababu tu ngoma zinaharakisha.

Kuhusu sauti ya koo, nikupe lililonifungua mimi. Huku kwetu wazee wanakataza kulia kwa sauti msibani, na watu hujitahidi kutii, lakini jeneza linapoinuliwa hutokea mmoja akashindwa. Anachokitamka wakati huo hakishikiki. Hakuna anayeuliza amesema nini, na hakuna anayesema sauti yake mbaya. Sauti ya bleki metali imesimama mahali hapo, pale ambapo maneno yamekwisha kazi yake na pumzi bado ipo. Angalia pia ilipowekwa. Katika muziki mwingi mwimbaji yuko mbele kabisa, karibu na uso wako. Hapa mara nyingi wanamrudisha nyuma ya gitaa, wanamzungushia mwangwi, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Usimfuate kwa kutafuta maneno. Pima umbali wake: saa nyingine amekaribia, saa nyingine upepo umemchukua.

Kwa hiyo nakushauri urudi kwenye Bergtatt kabla ya nyingine zote. Neno lenyewe kwa Kinorwe ni la mtu aliyechukuliwa na viumbe wa mlimani, akaingizwa ndani ya mwamba. Sisi wa Tanga tuliokua tukisimuliwa habari za mapango ya Amboni hatuna haja ya kutafsiriwa zaidi. Albamu ina sura tano na haifiki dakika 40, nayo inasimulia safari ya msichana aliyepotea msituni hadi mlima unapommeza. Sura ya kwanza itakufaa wewe mtu wa kwaya: gitaa na ngoma zinakwenda, na juu yake zinapanda sauti za kiume zilizopangwa kwa tabaka, safi na za huzuni. Kristoffer Rygg ndiye aliyeziimba. Katika sura ya tatu, baada ya kishindo kikubwa, muziki unakatika ghafla, na unasikia hatua za mtu akitembea juu ya majani na vijiti vinavyovunjika, na kinanda kidogo kwa mbali. Ukimya ule unatisha kuliko kelele zote zilizoutangulia. Halafu sura ya nne, ambayo jina lake linasema kwamba sauti inaita, ni fupi na ya upole kabisa, magitaa makavu na sauti ya kubembeleza. Mwalimu, hapo ndipo msichana anapokosea njia! Kinachompoteza ni utamu. Nilipoligundua hilo niliacha kugawa albamu ile katika sehemu nzuri za kuvumilia na sehemu mbaya za kuruka, kwa kuwa waliipanga ili utamu ndio uogopwe, na mkwaruzo wa koo unaofuata katika sura ya tano ni mlango wa mwamba ukifungwa.

Ukimaliza hapo, ujue kwamba Ulver mwaka 1996 walitoa albamu nzima ya magitaa makavu na sauti za kwaya, Kveldssanger, na mwaka 1997 wakatoa Nattens madrigal ambayo ni kali mno. Watu walewale. Msikilizaji aliyezisikia zote tatu anaelewa kwamba utulivu na ukali kwao ni lugha moja.

FundiMitambo

Salamu kutoka Nairobi. BesiYaTanga amesema vizuri, nami niongeze kidogo kuhusu faili "lililoharibika", kwa kuwa kazi yangu ni kurekodi.

Filosofem ilirekodiwa mwezi Machi 1993, ingawa ilitoka mwaka 1996. Mwenye albamu amesimulia kwamba aliomba kipaza sauti kibaya kuliko vyote vilivyokuwamo studio, wakampa kile cha kuvaa kichwani, na kwamba gitaa hakulipitisha kwenye spika ya gitaa bali kwenye redio ya nyumbani ya kaka yake. Kwa hiyo mkwaruzo ule ulikusudiwa. Swali la fundi ni hili: mkwaruzo unafanya kazi gani? Unafuta ncha za sauti. Noti inapoanza huisikii ikigongwa, na inapokwisha huisikii ikikatwa. Zote zinayeyuka katika wingu moja, na juu ya wingu hilo kinanda kinapiga noti chache tu, polepole na wazi kabisa. Kama gitaa lingekuwa safi, kinanda kile kingesikika kama mazoezi ya mtoto. Ndani ya ukungu ule kinageuka taa ya mtu anayepita mbali usiku.

Nasi Waafrika Mashariki tusijifanye wageni wa jambo hili. Ilimba ya Wagogo, chombo cha ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, ile ambayo marehemu Hukwe Zawose aliifikisha mbali duniani, ina tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui ili kila noti iwe na mvumo wa kukwaruza. Fundi wa ilimba akiusikia mlio mkavu, usio na mvumo, anajua chombo hakijakamilika. Babu zetu walijua kwamba sauti iliyosafishwa mno inabaki na upweke wake, na wakaiwekea mwenzake.

Ushauri wa vitendo: usipandishe sauti juu sana. Watu hudhani metali lazima isikilizwe kwa kishindo, lakini albamu hizi zikisikilizwa kwa sauti ya wastani, hasa usiku nyumba ikiwa kimya, tabaka za chini zinajitokeza zenyewe. Tumia hedifoni za kufunika sikio zima ukizipata. Na faili zilizobanwa mno kwa ajili ya kuhifadhi nafasi zinaharibu hasa muziki huu, kwa sababu kinachotupwa kwanza ni ile hewa ya juu ambayo mwenye kurekodi aliipigania. Mwambie rafiki yako akupe nakala kubwa.

Nje kidogo ya swali: hapa kwetu walikuwapo Duma, vijana wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwa Kiswahili ungedhani ni mnyama. Kwa Kikuyu jina hilo maana yake ni giza. Muziki wao ni mkali zaidi na umejaa mashine, kwa hiyo si wa kukutulizia moyo, lakini nimeutaja ili usidhani kwamba giza hili limeandikwa kwa Kinorwe peke yake.

BintiUnguja

Assalaam alaykum. Mwalimu, Mungu amrehemu mzazi wako.

Mimi nina neno dogo juu ya Agalloch. Jina hilo limetokana na jina la kitaalamu la mti unaotoa udi. Udi huuhuu tunaouchoma Unguja kwenye chetezo, arusini na siku za Ijumaa, na tunaofukizia nguo kabla ya kuzivaa. Anayeujua udi anajua kwamba mti wake ukiwa mzima haunukii. Kuvu huuingia, mti unajitetea kwa kutoa utomvu mzito mweusi ndani ya moyo wake, na ni sehemu ile iliyougua inayouzwa kwa bei ya dhahabu.

Nilipolijua hilo niliisikiliza The Mantle upya, chumba nimekifukiza, taa nimezizima. Ina zaidi ya saa moja, na wakati mwingi haina ukali wowote: magitaa makavu juu ya magitaa ya umeme, kunong'ona, kisha koo, kisha kuimba kwa kawaida, yote kwa mtu mmoja. Kuna wimbo katikati ambao mlio wake wa kugongagonga ulitolewa kwa fuvu la kulungu. Nilidhani nitaogopa, sikuogopa. Unasikika kama mlango wa mbao katika nyumba ambayo watu wake wamehama. Hiyo sanamu ya mnyama mwenye pembe iliyo kwenye jalada ilikuwa ya mjini kwao, Portland, iliyosimama barabarani kabisa katikati ya magari. Kwa hiyo huzuni yao ni ya watu wa mjini wanaoutazama msitu kwa mbali, na pengine ndiyo sababu ilikukuta ndani ya basi.

MzeeWaKaseti

Mwanangu mwalimu, hakuna aliyekujibu lile la makanisa yaliyochomwa, nami nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo wacha nilibebe.

Mambo uliyoyasoma ni kweli. Usiku wa tarehe 6 Juni 1992 kanisa la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, ambalo asili yake ni karne ya 12, liliteketezwa, na mengine yakafuata. Varg Vikernes, ambaye ndiye Burzum yote, peke yake, alimuua mwanamuziki mwenzake Øystein Aarseth mwezi Agosti 1993, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa mauaji hayo na kwa uchomaji wa makanisa. Filosofem ilitoka akiwa gerezani. Na baada ya kutoka hakubadilika: mwaka 2014 mahakama ya Ufaransa ilimtia hatiani kwa kuchochea chuki ya rangi. Mtu huyo anatudharau mimi na wewe kwa rangi tuliyoumbwa nayo. FundiMitambo ameeleza ufundi wake kwa haki, na sina ubishi na masikio yake. Mimi nimeamua kutoisikiliza, na senti yangu haiendi huko. Niliwahi kuwa nayo kwenye kaseti, na sehemu ile ya kinanda naikumbuka mpaka leo, sitakudanganya kwamba haikuwa nzuri. Lakini kila nikifika pale nilikuwa naliona kanisa linawaka, na sikuweza tena kukaa na huzuni yangu mwenyewe. Nilikuwa nakaa na chuki yake.

Lakini usiwafunge wote kamba moja. Ndugu Aaron na Nathan Weaver wa Wolves in the Throne Room walikwenda kuishi shambani karibu na Olympia, jimbo la Washington, na kinachowaliza ni misitu iliyokatwa. Neige wa Ufaransa, anayerekodi kwa jina la Alcest, aliitoa Souvenirs d'un autre monde mwaka 2007 kutokana na dunia ya mwanga aliyoiona katika njozi za utotoni. Humo hakuna koo linalokwaruzwa, na bado mvua ile ya gitaa ipo. Kisha mtafute Austin Lunn, anayerekodi kwa jina la Panopticon. Albamu yake Kentucky ya mwaka 2012 inahusu wachimba makaa ya mawe wa jimbo hilo, migomo yao na vifo vyao, na ndani yake utasikia banjo, chombo ambacho mizizi yake ililetwa Amerika na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Banjo ikinyamaza na gitaa likapasuka, unaelewa kwa nini alihitaji muziki wa aina hii kusimulia habari hizo. Hakuna sauti ya upole inayotosha kwa watu waliofukiwa mgodini. Mimi mtoto wa mchimbaji nilipoisikia mara ya kwanza nilisimama.

Kuhusu kulia ndani ya basi, wala usione haya. Daudi alilia mbele ya watu wake wote.

MwalimuWaNjombe

Nawashukuru sana, na shikamoo Mzee.

Nimechukua siku tisa kabla ya kurudi kwa sababu nilitaka niwe nimefanya mlichoniambia. Filosofem nimeifuta. Niliisikiliza mara moja zaidi kwa ajili ya maelezo ya FundiMitambo, nikakiona kile kinanda ndani ya wingu, nikaelewa, na baada ya hapo maneno ya Mzee yakaniingia.

Jana usiku nilisikiliza Bergtatt tangu mwanzo. Baridi ilikuwa kali, nimejifunga blanketi, jiko la mkaa nimelitoa nje kwa usalama. Nilifanya kama BesiYaTanga alivyosema, nikaiacha ngoma iwe mvua, na katika sura ya kwanza nikaanza kuimba sauti ya tatu kwa kuguna, kwa maana ile kwaya ina nafasi yake kabisa, mtu anaweza kuingia. Kwenye zile hatua za msituni nilizuia pumzi. Sauti iliyoita ilipokuja, tamu namna ile, nilijua inamwita nani, nikamwonea huruma. Na koo lilipokuja baada yake, kwa mara ya kwanza moyo haukujifunga. Nilimkumbuka shangazi yangu pale kaburini mwezi Machi. Nilikuwa nimeshika orodha ya michango, na nilikuwa nimemkasirikia kwa kupiga kelele.

Kesho Jumapili nitampigia simu. BintiUnguja, nitaomba pia unieleze udi mzuri unapatikana wapi kwa mtu wa bara, maana hapa sokoni wanauza vijiti vya manukato tu.